Tangazo Lisilo na Picha

Gorna Lipa, 21 Oktoba

Mpendwa Dada Tsonka,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Kiril, na kwamba mgongo wako umekupa nafuu sasa msimu wa machungwa unapoanza huko Valencia. Sisi huku hatujambo. Baridi ya asubuhi imeingia, mji mzima unanuka pilipili za kuchoma, na Shangazi Ginka wa ghorofa ya pili ameshajaza chupa arobaini na kutangaza kwamba mwaka huu hampi mtu hata kijiko. Mimi ameshanipa chupa tano.

Najua unasubiri maelezo. Tangu Ijumaa, Ginka alipokutumia picha ya tangazo la kumbukumbu ya miezi sita tangu Mama afariki, lililobandikwa mlangoni huku mahali pa sura pakiwa patupu, umenipigia mara nne. Mara zote nilikujibu kwamba nitakuandikia. Nakumbuka vizuri uliyosema: kwamba hata Gencho mlevi wa nyuma ya soko alibandikwa na sura yake, tena na tai shingoni, tai ambayo hakuwahi kuivaa akiwa hai. Ulikuwa na haki ya kusema. Sasa nisikilize kwa utaratibu, nami nitakueleza jambo kwa jambo kama lilivyotokea.

Picha uliyoitaka ni ile ya dirishani: Mama amefunga kitambaa cha buluu, anacheka kwa sababu paka alikuwa ametoroka na soseji. Zaidi ya hiyo tunayo ile ya kitambulisho tu, ambayo anaonekana kama mtu aliyekamatwa akiiba kuku wa jirani, na ulinikataza kuigusa. Miaka minne iliyopita nilikwambia kwamba kompyuta yangu ilikufa na picha zikafa nayo. Huo ulikuwa uongo. Haikufa. Niliifuta mwenyewe.

Ilikuwa wakati ule nilipoandika habari za kiwanda cha ngozi na maji meusi ya mtoni. Vipimo vya maji nilipewa na mtu wa ndani ya kiwanda. Jina lake sikutajii, wala sikutajii kazi yake. Gazeti lilitaka hakikisho kwamba ni mtu halisi, kwa hiyo nilikipiga skani kitambulisho chake cha kazi, chenye sura na jina kwa herufi kubwa, nikakihifadhi kwenye mashine ile. Habari zilipotoka, nilimwahidi kwamba jina lake halipo tena popote. Nilifuta mafaili yote, nikamwaga pipa la taka la kompyuta, nikaifomati mashine nzima na kuweka programu upya. Ilifunguka nyeupe kama shuka la hospitali. Kesho yake ndipo nilipokumbuka kuwa picha za Mama zilikuwa humo pia. Kisha mashine nikampa Mama, nikisema imetengenezwa, na ndiyo aliyokuwa akiongea nawe huku akiiona sura yako kila Jumapili.

Kiangazi hiki, baada ya makala yangu ya pili, kiwanda kimenishtaki. Hawatafuti kingine ila mtu aliyetoa vipimo. Unajua kilichompata mhasibu wao wa zamani kwa kusema tu mkahawani: alifukuzwa, gari lake likachomwa, na mkewe akahamia kwa wazazi wake pamoja na watoto. Yule bwana aliyenipa vipimo ana mabinti wawili shuleni.

Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, wakili wangu Panayotov alinipigia simu. Alisema hakimu ameruhusu kuchukuliwa kila kompyuta niliyowahi kuitumia, na kwamba polisi watakuja kwangu na amri saa nane mchana. Akaniambia kwa sauti ile yake ya kusoma hati kwamba mpaka karatasi ile iwe mkononi mwangu, vitu vyangu ni vyangu, na ikishafika, hata nikipangusa vumbi juu ya mashine nimevunja sheria. Sikuwa na wasiwasi. Mashine ya kazini haina kitu, na ile ya zamani ilikuwa nyumbani kwa Mama, imefutwa. Niliona afadhali nikaichukue ili niwakabidhi zote mbili kwa pamoja na wasipate sababu ya kupekua makabati ya marehemu.

Nilipofungua mlango wa Mama, meza ilikuwa tupu. Pale vumbi lilipozunguka palibaki alama ya mraba.

Shangazi Ginka nilimkuta kwenye ngazi, mikono myekundu ya pilipili. Kabla sijauliza, akaanza kujisifu. Alisema wewe ulimpigia Jumatano, kwamba mtu huko Valencia amekwambia picha zilizopotea kwenye kompyuta hurudishwa, na kwamba asinieleze kitu kwa sababu ungependa niishtukie Jumamosi, siku ya kumbukumbu. Basi yeye, mwanamke wa miaka sabini na mbili, ameisukuma kompyuta kwenye kigari chake cha sokoni mpaka kwa Stamen anayechapa matangazo ya vifo. “Nyie wasomi,” akaniambia, “mnalia picha imepotea, kumbe ilikuwa inangoja mtu mwenye kigari.”

Dada, nimewahi kusimama mbele ya watu wenye bunduki nikaandika walichosema bila kukosea nukta. Pale kwenye ngazi nilisahau hata kufunga mlango wa Mama, nikaondoka mbio.

Unalikumbuka duka la Stamen, mkabala na kanisa. Mbele pana meza, mashine ya kuchapia na kompyuta yake. Nyuma, uani, ndipo anapochonga sura za marehemu kwenye mawe ya makaburi, kazi aliyoachiwa na baba yake. Nilifika saa tano na nusu. Alikuwa ameitoa diski kwenye mashine yetu na kuiunganisha na kompyuta yake, na programu ilikuwa ikiipekua tangu saa tatu. Aliponiona akasema, “Karibu, Bibi Mwandishi. Usijali, mama yako tutamtoa tu. Tumepita nusu ya safari.”

Nilimwambia kwamba mashine ile niliifuta kabisa, haina kitu. Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniuliza kama namkumbuka mpangaji wetu wa zamani, Vasil, aliyebandua jina lake kwenye kengele ya mlango wa chini ili wadai wasimpate. Nikasema namkumbuka. “Basi ulichofanya wewe ndicho alichofanya Vasil,” akasema. “Jina umelibandua. Mwenyewe yumo ndani anakunywa supu.” Akaeleza kwamba kufomati kwa haraka huondoa orodha tu. Vitu vyenyewe hukaa palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Anayetaka kufuta kweli huijaza diski nzima upuuzi, tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa diski kuukuu kama ile hiyo ni kazi ya saa mbili na nusu. Au aivunje.

Akanigeuzia kioo nione. Vilikuwa vikitokea vijipicha vidogo, kimoja baada ya kingine, bila majina wala mpangilio: risiti, daraja, harusi ya watu nisiowajua, bomba la kiwanda, kiatu changu. Kisha ukurasa mmoja wa vipimo vya maji. Kila nilichokuwa nimekizika kilikuwa kinapanda juu, dukani kwa watu, kwenye kioo kinachotazama mlango.

Nilipiga hesabu. Zilikuwa zimebaki saa mbili na nusu kasoro kabla ya amri. Muda wa kuijaza diski upuuzi ulikuwa umepita tayari. Nikamuuliza kama ana kitu cha kutobolea chuma. Akanitazama, akatazama kile kioo, akasema kwamba anacho cha kutobolea mawe ya granite. Nikaamua tungoje mpaka saa saba kamili, labda Mama atatokea. Akitokea tumhifadhi, kisha diski iende uani. Asipotokea, iende vilevile. Hayo yalikuwa maamuzi yangu, Stamen hakushauri kitu. Alifunga mlango wa mbele nusu, akakaa.

Saa sita na robo mlango ukasukumwa, akaingia Bibi Svetlomira wa ofisi ya wafanyakazi kiwandani. Fundi wao mmoja wa matangi alikuwa amefariki, na kama kawaida kiwanda kilitaka kubandika tangazo lake getini, lile la “uongozi na wafanyakazi wenzake wanaomboleza.” Akanisalimia kwa jicho baridi. “Nasikia tutaonana mahakamani, Dobreva,” akasema. Nikamjibu kwamba nitavaa vizuri. Akamwambia Stamen asiweke njiwa kwenye tangazo, kwa sababu njiwa wa mara ya mwisho alionekana kama kuku wa supu, na familia ilicheka mazikoni. Alipokuwa akisema hivyo, aliegemea meza, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye kioo.

Stamen alianza kukigeuza kioo polepole, kama anayetafuta kalamu. Lakini waya ulikuwa mfupi, kikakwama. Vijipicha viliendelea kutokea. Na huyu mwanamke, Dada, ndiye anayetoa vitambulisho vya kazi pale kiwandani. Hubandika picha na kutia sahihi kwa mkono wake. Kimoja cha kwake angekitambua hata kwa mbali, hata kikiwa kidogo kama stempu.

Nilichomoa waya ukutani. Kila kitu kilizimika, hata redio. Nikasema samahani, nimejikwaa. Svetlomira akasema kwa umri wetu huu, tukijikwaa tushukuru bado tunatembea. Akaacha karatasi yake ya maneno, akasema atarudi jioni, akatoka.

Stamen aliiwasha tena. Akaniambia, bila kunilaumu, kwamba programu ile haijui ilipoishia na inaanza upya. Kufika pale tulipokuwa ingechukua saa tatu na zaidi. Polisi walikuwa wamebakiza saa moja na nusu. Nikamwomba anionyeshe uani.

Kazi nilitaka niifanye mwenyewe, ili nikiulizwa nijibu jina moja tu. Alinifungulia skrubu, akanionyesha sahani za ndani. Ni mbili, Dada, zinang'aa kuliko kioo cha bafuni, nilijiona uso mzima. Nikavaa miwani yake ya kazi. Mashine ile anayotumia kuchonga sura za watu ili zisifutike miaka hamsini, kwayo nilizisaga zile sahani pande zote mbili hadi zikawa kama vifuniko vya sufuria ya zamani, kisha nikazitoboa kila moja matundu sita. Vumbi lake tulilimwaga kwenye ndoo ya matope ya mawe. Ilikuwa saa sita na dakika hamsini.

Polisi walikuja saa nane na dakika tano, watu wawili, wenye adabu. Niliwapa mashine ya kazini na ganda la kompyuta ya Mama. Wakauliza diski iko wapi. Nikasema nimeiharibu, mimi, saa sita na dakika hamsini, kabla ya kuiona amri. Wakaandika hivyohivyo, nikasoma, nikatia sahihi. Panayotov anasema kiwanda kitapiga kelele na huenda nikatozwa kitu, lakini kwamba mtu hafungwi kwa kuharibu kilicho chake. Tutaona.

Sasa limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu badala ya simu. Nimekuandikia kwamba nilichomoa waya kabla Svetlomira hajaona kitu. Sijakuandikia nilichoona mimi. Kitambulisho cha yule bwana kilikuwa kimeshatokea, kwenye mstari wa chini, kushoto. Na pembeni yake, Dada, alikuwa Mama. Kitambaa cha buluu, dirisha, mdomo wazi wa kicheko. Programu iliwaleta pamoja, begani kwa bega. Kumhifadhi ilikuwa ni kubonyeza mara mbili, na picha ingejaa kioo kwa sekunde tano au sita, na Svetlomira angegeuka kutazama. Mkono wangu mmoja ulikuwa juu ya panya wa kompyuta, mwingine juu ya waya. Nilikuwa na muda wa kuchagua. Sikujikwaa. Nilimtazama Mama, nikachomoa.

Ukinikasirikia, nikasirikie mimi, si Stamen wala Ginka. Na jambo hili nalo ulijue: kama usingemtuma Ginka na kigari chake, Alhamisi ile ningeichukua mashine kwa mikono yangu miwili na kuwakabidhi polisi, nikiamini ni nyeupe, huku mtu yumo ndani anakunywa supu. Wewe uliyetaka picha ndiye uliyemwokoa. Hajui, wala hatajua.

Jumamosi tulikwenda makaburini. Tuligawa ngano ya kuchemsha yenye sukari, na mkate, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Stamen alikuwa ametaka kuchora msalaba au tawi mahali pa picha kwenye tangazo, nikakataa, pakabaki patupu. Ginka hasemi nami, ila chupa ya sita ya pilipili niliikuta mlangoni jana. Na jana hiyohiyo, kwenye kituo cha basi, nilimpita yule bwana na binti yake mdogo, wamebeba gunia la vitunguu. Hakunisalimia. Ndivyo tulivyokubaliana.

Mpe shemeji Kiril salamu, mwambie zile mbegu za nyanya zilifika na zote ni nzima. Kama huko una picha yoyote ya Mama, hata ya mgongo, hata ya kivuli, itie kwenye bahasha na stempu kwa ajili ya tangazo la mwaka. Usiitume kwa njia nyingine. Barua hii ukishaisoma ichome jikoni. Karatasi ina uungwana mmoja: ikiungua, imeungua.

Nakukumbatia kwa mikono yote miwili,

mdogo wako,
Rumyana