Sahani ya Tatu, Arobaini ya Baba

Dada yangu Zaina,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute salama hapo Soga, wewe na mama, ingawa safari hii afya yako naiuliza kwa aibu. Mimi mzima, ila baridi ya huku Uturuki hainihurumii.

Sijawahi kukwambia kazi yangu hapa chuoni. Nalisha panya. Cheka tu. Ni panya weupe wa maabara, na kila asubuhi nawapima uzito mmoja mmoja. Watafiti huwatilia kwenye maji thairoksini, homoni ya tezi ya shingoni, ili wawe kama mtu ambaye tezi yake inafanya kazi kupita kiasi. Wengine huongezewa kitu kinachojaribiwa, kuona kama kitaukinga moyo.

Wiki iliyopita nilimshika mmoja. Anakula kuliko wenzake wote, na bado uzito unashuka. Alikuwa anatetemeka, moyo unamwenda mbio kwenye kiganja changu. Nikakukumbuka wewe, dada, nikakaa chini.

Siku ya arobaini ya baba ulikuwa umekonda, jasho linakutoka na wenzako wamejifunika kanga kwa baridi ya mvua, kikombe kinagongagonga kisahani mkononi mwako. Ukaomba sahani ya tatu. Nami, mdogo wako, nikasema jamvi zima likisikia: "Dada, umekuja kumwombea baba au umekuja kushiba?"

Watu wakacheka. Ukaiweka sahani chini, ukanawa. Mama anasema tangu siku hiyo unakula jikoni peke yako, mlango umeurudishia. Nimekukosea vibaya, dada, na usingizi sipati vizuri.

Huo haukuwa ulafi. Wala si shetani, kama anavyodai shangazi wa Kisarawe anayetaka upungwe kwa ngoma. Huenda ni tezi. Sina uhakika, mimi mpima panya tu, ndiyo maana nakuomba uende hospitali wiki hii, wakupime damu waangalie homoni za tezi. Dawa zipo. Usichelewe, maana moyo ukienda mbio hivyo muda mrefu unaharibika.

Mpe mama shikamoo yangu. Shangazi naye msalimie, umwambie ngoma yake isubiri majibu ya daktari.

Mama nimemwomba jambo moja. Ukirudi kutoka hospitali atandike jamvi uani, awaite majirani walewale, apike wali wa nazi. Ukifika sahani ya tatu anipigie simu, nikuombe radhi wote wakisikia.

Mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Hamisi