Kinu Kilichosikika Chini ya Ziwa

Bujumbura, Jumapili, mwezi wa saba. Leo ni miezi mitano na wiki moja tangu niondoke Kasongo.

Mke wangu Mama Neema,

Mgongo wako umepona? Neema ameacha kukohoa? Mimi ni mzima, ila viganja vimechubuka, na nikishuka bandarini jioni hata kupanda basi la Kamenge ninakolala ni kazi.

Uliniuliza tunafanya nini ziwani kama hatuvui samaki. Tunapima ardhi iliyo chini ya maji. Mtambo unafyatua hewa kwa nguvu, mlio unashuka hadi kwenye mwamba, kisha unarudi. Nyuma ya meli tunakokota kebo ndefu yenye vinasa sauti vinavyousikia ukirudi. Kuivuta ndiyo kazi yangu, pamoja na kupika.

Mkubwa wetu wa upimaji ni Madamu Goreth, injinia, mzaliwa wa Carama. Mwanamke huyo anajua kusikiliza! Mawimbi yakisumbua, anaishusha kebo chini zaidi. Injini ikivuma sana, anaturefushia kamba. Kisha anakusanya miangwi mingi ya sehemu moja na kuijumlisha, mpaka kelele zinafifia na mwamba unabaki.

Lakini wiki iliyopita michoro yake ilijaa alama za kugonga, kila siku kabla ya chakula. Shefu, mkuu wa meli, akamlaumu Papa Ramazani, fundi wetu wa Buyenzi, kwamba pampu yake ni mbovu na ndiyo inayogonga. Mzee aliifungua mara mbili, hakuona kitu. Shefu akasema kesho analeta fundi mwingine. Papa Ramazani akaanza kukusanya spana zake.

Mimi nilikuwa napeleka chai. Nikautazama mchoro: sauti inagonga, inanyamaza kidogo, inagonga tena. Mama Neema, nilijua mwendo ule. Ni mimi nikitwanga majani ya muhogo ya sombe! Kinu kilikaa juu ya chuma cha meli, na mlio wake ulipita hadi majini. Nikinyamaza, naongeza majani.

Niliogopa kufukuzwa. Nikatazama zile spana, nikasema, "Madamu, apana pampu. Ni mi, na kinu."

Shefu akacheka kwa dharau. Madamu hakucheka. Akasema, "Enda utwange. Mara kumi, unyamaze, mara tano."

Nikatwanga. Alama zikatokea kumi, kisha tano. Papa Ramazani akanijia, "We mutu! Mi nafungua pampu siku mbili, kumbe we unapikia samaki muziki?" Kisha akanishika bega, hakuliachia upesi.

Shefu alitaka niondoke. Madamu akamwambia, "Huyu amesoma mchoro kuliko sisi wote." Akaagiza kinu kikae juu ya matairi mawili, na nitwange tu wakati mtambo umezimwa. Jana aliniita nione mchoro safi wa mstari mmoja wa ziwa tuliopima upya: tope la chini limepangwa kama vitenge vilivyokunjwa, katikati pamekatika, upande mmoja umeshuka. Aliniacha nitazame nilivyotaka. Sikuwahi kuona kazi nzuri hivyo.

Msalimie mama mkwe, kaka yangu seremala, na shangazi anayekusaidia shambani. Barua hii inaletwa na mama muuza vitenge, jirani yangu hapa; mpe chakula.

Nilitarajia kurudi mwisho wa mwezi huu. Mistari niliyoiharibu inapimwa upya, nami ndiye mvuta kebo, kwa hiyo nitafika katikati ya mwezi wa nane. Usimkasirikie mtu mwingine. Siku hizo nimezitwanga mwenyewe.

Mumeo,
Baba Neema