Tiki Mbili Ninaziona, Jibu la Mdogo Wangu Silielewi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho, maana hapa kazini wameshanicheka vya kutosha. Mimi ni mtunza stoo wa maabara katika chuo kimoja, chupa, mizani na dawa za majaribio, kazi nimeifanya miaka kumi na tisa na kila kinachoingia na kutoka nakiandika, na nikirudi nyumbani naandika pia shajara yangu, kwa hiyo haya nakueleza kwa tarehe, sibahatishi.

Jumanne tarehe 3 mdogo wangu wa kike, ambaye nilimlea mwenyewe tangu wazazi wetu walipofariki, aliniandikia kwenye simu kwamba anamaliza mafunzo yake ya kuchomelea vyuma, na kwamba kila mhitimu anapewa viti viwili vya wageni siku ya mahafali, kimoja amempa shangazi yetu, akauliza, "Kaka, hicho kingine nikuandikie wewe? Majina wanayataka mwisho Ijumaa tarehe 27." Sasa lazima nikuambie kwamba miaka miwili iliyopita, alipoacha masomo ya ukarani akaenda huko, nilimwambia mbele ya majirani kwamba sikumsomesha ili aje kunuka moshi kama jiko, naye akachukua begi lake akaondoka, na tangu siku hiyo tumekuwa watu wa "habari" na "nzuri" tu, kwa hiyo swali lake nikaona si la kujibiwa kwa maandishi, nikajifungia stoo nikarekodi ujumbe wa sauti, dakika nne na sekunde kumi, nikieleza kila kitu tangu alipokuwa mdogo, nikatuma.

Ukazunguka. Kile kiduara kilizunguka Jumatano, kikazunguka Alhamisi. Stoo yetu iko chini ya jengo, simu haishiki mtandao, tunategemea waifai ya chuo, na nyumba za wafanyakazi nazo ni hivyo hivyo mpaka utoke getini. Ijumaa tarehe 6 nikaamua kupima kwa utaratibu, nikamwandikia, "Jaribio la 1, dirishani." Tiki mbili. "Jaribio la 2, mlangoni, mlango umefungwa." Tiki mbili. Mama wa maktaba akanikuta kwenye ngazi nimenyoosha mkono juu, akasema, "Baba Stoo, unapima mvua au unamwita nani?" Nikaendelea kuandika, nilikuwa kwenye jaribio la 4.

Jumatatu tarehe 9 nilimfuata fundi wa mtandao, yule ambaye wanafunzi wanamwita Bwana Pasiwedi, akaniambia bila hata kuinua macho, "Mzee wangu, sauti, picha na kupiga simu kwa intaneti tumefunga mpaka mitihani iishe, maandishi tu ndiyo yanapita," nikayaandika maneno yake kama yalivyo, lakini nikajua hayo yanawahusu wanafunzi, mimi sina mtihani.

Alhamisi tarehe 12 nilitumwa mjini kupeleka mizani kwa fundi, huko simu ilishika vizuri kabisa, nikatuma jaribio la 9, tiki mbili kabla sijapepesa macho, nikaandika: mtandao safi. Kwenye ule ujumbe wa sauti palitokea alama nyekundu ya kutuma tena, sikuigusa, maana kwa hesabu zangu ulishafika, ulitangulia kutumwa na majaribio yakafuata, na kwenye stoo yangu kinachotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kutoka, sasa kama la 9 limefika, sauti ingebakia wapi? Nikaogopa nisije nikautuma mara mbili akadhani namgombeza.

Halafu Jumamosi tarehe 14 akaniandikia, "Kaka, kama ni hapana sema hapana. Usinitumie namba."

Mshauri, nimeyasoma maneno hayo mpaka nimeyakariri na sielewi. Hapana ipi, wakati nilimweleza dakika nne nzima? Namba gani za kumuudhi mtu? Nimetuma jaribio la 10 na la 11, tiki mbili, kimya. Je, mtandao unakata maneno yangu njiani, au mdogo wangu amenifungia, au simu yangu ndiyo mbovu? Niko tayari kuibadilisha.

Mtunza Stoo,
Jumatatu, tarehe 16

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu Mtunza Stoo,

Simu yako ni nzima, iache. Mdogo wako hajakufungia. Angekufungia, hizo tiki mbili usingeziona. Na Bwana Pasiwedi alikupa jibu lote tarehe 9, ukaliandika, ukalifungia daftarini. Maandishi yanapita, sauti haipiti. Mtandao hauangalii nani ana mtihani. Wala haupangi foleni kama stoo yako: jambo jepesi linapita, zito linabaki nyuma likizunguka.

Sasa kaa upande wake kidogo. Yuko karakana, amevua kinyago cha kuchomelea, amefuta mikono kwenye ovaroli. Amemuuliza kaka yake swali lililomgharimu miaka miwili kulitamka. Simu inalia, anaikimbilia, anasoma: "Jaribio la 2, mlangoni, mlango umefungwa." Kesho yake tena jaribio. Majaribio kumi na moja, na neno lako hata moja halimo. Wewe ungeelewaje?

Pole, nasema kwa moyo. Mtu aliyelea mtoto peke yake akiwa yeye mwenyewe bado kijana hakosi hofu ya kusikia sauti ya huyo mtoto ikimwambia, "Uliniumiza." Lakini nitakuuliza kitu kuhusu Alhamisi tarehe 12. Ulikuwa mjini. Simu ilishika. Alama nyekundu ilikuwa mbele ya kidole chako, na kupiga simu ya kawaida ungeweza. Ukachagua kutuma jaribio la 9. Hapo mtandao ulikuwa safi, umeandika mwenyewe. Aliyekwama siku hiyo ni wewe.

Na kuna jingine. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta kama unakwenda kwenye hayo mahafali au huendi. Mizani imo, ngazi imo, sekunde kumi zimo. Hilo halimo. Nina wasiwasi hata kwenye zile dakika nne halimo.

Gazeti hili linatoka Jumatatu tarehe 23. Una siku nne. Ule ujumbe wa sauti ufute, usiutume tena. Mtu aliyeuliza kuhusu kiti hahitaji historia ya utoto wake. Leo hii, ukitoka kazini, vuka geti, simama mahali simu inaposhika, mpigie. Anza na yale maneno ya moshi na jiko: mwambie ulikosea, na kwamba ulikosea mbele za watu. Kisha nyamaza, aseme yeye, hata akisema kwa ukali. Ukifika kwenye mahafali, rudia mbele ya shangazi yenu, maana ulimvunjia heshima hadharani.

Lakini usingoje hata kutoka kazini ili kumjibu. Hapo hapo stoo, chini ya jengo, kwa waifai hiyo hiyo unayoilaumu, maandishi yanapita. Chukua simu sasa hivi, umwandikie: "Nakuja."

Ujumbe huo usiupe namba.