Nimepunguza Makali ya Sufuria ya Mama Mkwe

Senga Maimunah, shangazi wa wasomaji wote wa gazeti, asalaam aleikum,

Natumaini barua hii inakukuta salama kuliko inavyoniacha mimi, maana wiki ya pili hii sili nikashiba, na chanzo ni sufuria ambayo hata haipo duniani.

Naitwa Habib, nina miaka ishirini na tisa, nafanya kazi Ntinda, hapa Kampala, kwenye kampuni ndogo ya watu sita inayotengeneza magemu ya simu, na gemu letu linalopendwa ni lile ambalo watu wanne wanashirikiana kulinda soko lisivamiwe na kaloli, wale ndege wenye upara wanaosimama juu ya takataka zetu kama mawakili, ila wa kwenye gemu wana ukubwa wa nyumba, na kila mchezaji anachagua kazi yake, kuna mrusha manati, kuna fundi wa kujenga vizuizi, kuna nesi wa kutibu wenzake, na kuna mpishi mwenye sufuria ya mafuta ya moto, na mimi ndiye ninayepanga kila silaha iumize kiasi gani.

Sasa Senga, nilipokwenda Kibuli kujitambulisha kwa kina Shifa, binti ninayetaka kumuoa, mama yake, Hajati Hindu, alinitazama kama kitambaa kilichochuja rangi. Ni mjane, ana duka la vitambaa, na ukoo wao ni wa wale Waswahili waliokuja zamani na biashara kutoka pwani, jambo ambalo utaelezwa kabla hujaketi. Aliponiuliza kazi yangu nikasema natengeneza magemu, akamgeukia Shifa akamuuliza kama hakuna mwingine. Kwa kukata tamaa nikamwekea gemu kwenye simu yake, na wallahi sikutegemea, maana mwezi haujaisha yeye na marafiki zake watatu walikuwa wanafunga duka kila siku baada ya alasiri, wanakaa kwenye mkeka na simu zao, Hajati akiwa mpishi, Filda fundi cherehani wa mlango wa pili akiwa mrusha manati, na mimi nikaanza kuitwa mwanangu na kuwekewa pilau.

Tatizo ni kwamba ile sufuria nilikosea. Ukimwaga mara moja tu, kundi zima la kaloli limekufa. Wachezaji wakaanza kutuandikia kwamba hakuna kazi nyingine yenye maana, watu watatu wanatembea nyuma ya mpishi kama wanamsindikiza bibi harusi. Ofisini tukabishana wiki nzima. Adyero, dada anayetuchorea, alisema tuiache sufuria ya watu, hii si ligi, wote wako upande mmoja, kama wengine ni dhaifu basi tuwaongezee wao nguvu. Mkubwa wetu akasema sufuria ipunguzwe, basi Jumatatu nikaipunguza nusu nzima.

Jumanne Hajati akanipigia. Alikuwa amekufa mara tatu mbele ya marafiki zake. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Habib, sisi hatushindani na mtu. Hao kaloli ndio waliolalamika?" Akauliza nani aliyefanya hivyo, na Senga, ulimi wangu ukasema Adyero.

Jumamosi yake Adyero, ambaye hajui lolote, akaenda kwenye lile duka kutafuta kitambaa cha sherehe ya dada yake, na aliyemwelekeza huko ni mimi mwenyewe mwezi uliopita. Alipojitaja jina na kazi, Hajati alikunja kitambaa alichokuwa anamwonyesha, akakirudisha rafuni, akamwambia kwamba anayewanyang'anya wazee furaha yao avae majani ya migomba. Jumatatu Adyero akaja kwenye meza yangu kuniuliza kama amewakosea wakwe zangu, nikamwambia mama yule ana presha.

Hajati sasa amesema tarehe ya nikaha itajulikana siku sufuria itakaporudi. Naweza kuirudisha usiku mmoja, ni namba moja tu. Lakini juzi Filda alinifuata hadi kwenye boda, akaniambia polepole kwamba kabla sufuria haijapunguzwa alikuwa ameacha kucheza, anawachemshia wenzake chai tu, na wiki hii ameangusha kaloli arobaini kwa manati yake. "Mwanangu," akasema, "usiiguse." Shifa naye hajui kitu, anadhani mama yake amenikasirikia kwa uvivu wangu wa swala. Senga, niirudishe sufuria au nimpoteze mke?

Habib, Ntinda

*

Habib,

Umeniandikia ukurasa mzima wa sufuria na chini yake umeficha uongo, ukidhani harufu haitatoka. Tutafika huko.

Tuanze na sufuria. Nimelipakua hilo gemu lako na kulicheza hapa ofisini na wahariri wawili na mlinzi wa getini. Nimekuwa mpishi, nimekufa mara nne, na mara ya mwisho ndege alinikanyaga nikiwa bado nakoroga. Kwa hiyo uchungu wa Hajati naujua. Kumpa mwanamke mamlaka mwezi mzima, aizoee nguvu yake, kisha kumnyang'anya nusu Jumatatu bila hata salamu, ni adabu ya mwenye nyumba mkorofi.

Hata hivyo hutairudisha. Swali la mama mkwe wako ni tamu sana, nimelicheka hadi nikakohoa, lakini aliuliza upande usiohusika. Kaloli hawana malalamiko. Filda anayo. Watu wanne wakikubaliana kulinda soko, kisha mmoja akalilinda peke yake na watatu wakabaki kumpigia makofi, huo si ushirika tena. Rafiki yake alihama kutoka kwenye mchezo kwenda kwenye birika la chai, wakiwa mkeka mmoja, na Hajati hakuona kwa sababu alikuwa anashinda. Wewe uliona, lakini ulikuwa unakula pilau.

Wala Adyero hakukosea. Hakuna sababu ya wengine kubaki wanyonge. Kwa hiyo fanya hivi: sufuria ibaki na makali yaliyopungua, lakini mafuta yakimwagika yabaki chini, kaloli wateleze, na wakiteleza ndipo mawe ya manati yawaue. Hajati atamhitaji Filda, Filda atamhitaji Hajati, na nesi atapata wa kumtibu. Namba ndiyo kazi yako, usiniambie haiwezekani.

Sasa uongo wako. Umemtwika lawama mtu pekee aliyeitetea hiyo sufuria. Ungetafuta Kampala nzima usingempata mwingine asiyestahili kama yule. Kisha alipokuja kwako kwa heshima, ukamzulia mama wa watu ugonjwa. Unaogopa kumpoteza Shifa, lakini Shifa bado hajajua anaolewa na nani. Anaolewa na mtu ambaye akiulizwa "nani kafanya", anamtaja aliye mbali. Leo ni mchoraji. Ukishaoa, atakuwa Shifa.

Nenda kwa Adyero kwanza, umwambie yote bila kupunguza hata neno. Akikutukana, pokea. Kisha uende Kibuli, usipige simu wala kutuma sauti ya WhatsApp, ukae chini mbele ya Hajati na Shifa wote wawili, useme, "Ni mimi." Usitaje mkubwa wako, mkono ulikuwa wako. Umwombe Hajati ampokee Adyero na kitambaa chake. Tarehe ya nikaha usiiulize siku hiyo. Mfanyabiashara aliyesimama dukani miaka yote hiyo anawajua wanaodanganya, na anawajua pia wanaorudi wenyewe kabla ya kukamatwa. Wa pili huwasamehe, ingawa huwachelewesha.

Jambo la mwisho. Hukuniomba nibadilishe majina, nami sikubadilisha hata moja. Gazeti hili hufika Kibuli kabla ya saa tatu asubuhi. Panda boda.