Mtoto wa Sahihi

Ntimaru,
14 Machi 1997

Mpendwa Mama Roseline,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu. Je, miguu imeacha kufura? Sisi miili ni mizima. Baba alitupokea vizuri, lakini Adhiambo bado ananiuliza kwa nini Nashon alimshika mkono asitupe mchanga kwenye kaburi la babake. Ana miaka saba, Mama. Nimwambie nini?

Nasikia Nashon anazunguka Rangwe akionyesha watu cheti cha hospitali kwamba ndugu yake, mume wangu Chrispine, hakuweza kuzaa. Ni kweli. Lakini ndani ya sanduku la Chrispine, humo humo alimokitoa cheti hicho, kulikuwa na karatasi tuliyotia sahihi mimi, Chrispine na wewe Mama mbele ya daktari, Nairobi, mwaka wa 1989: kwamba Chrispine anakubali niwekewe mbegu za mwanamume tusiyemjua, na mtoto atakuwa wake. Hiyo haionekani. Daktari alishahama nchi. Wakili wa Migori anasema hakuna sheria iliyomlazimisha kutunza faili, wala inayomtaja mtoto wa namna hii.

Umebaki wewe tu. Chifu ametuita tarehe 18 mwezi ujao. Sema ulichokiona.

Binti yako,
Mirumbe

Rangwe,
2 Aprili 1997

Kwako Nyar Kuria, binti wa Wakuria, mke wa mwanangu,

Nimefurahi kusikia mnakula na kulala. Miguu ni ile ile. Mvua imeanza, mahindi tumepanda.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Unajua padri wetu anavyosema juu ya mambo hayo ya madaktari. Na Chrispine amezikwa akihesabiwa mwanamume. Leo nimvue nguo mbele ya watu? Nashon ndiye mtoto niliyebaki naye. Njoo tu. Mungu atanipa la kusema. Msalimie Adhiambo, mwambie nyanya yake anamkumbuka.

Mama yako,
Roseline

Ntimaru,
21 Aprili 1997

Mama,

Hujambo. Tulifika salama.

Nilipoeleza kwenye baraza, uliwasikia wazee walivyocheka. "Kwa hiyo baba ni sindano?" Nikavumilia, maana nilijua zamu yako inakuja. Chifu akakuuliza, "Mama, ulikwenda Nairobi na hawa?" Ukatazama viatu vyako. "Mimi ni mzee. Sikumbuki safari kama hiyo."

Nashon akasema, "Mmesikia wenyewe. Malaya arudi kwao na mtoto wake."

Adhiambo alikuwa nyuma yangu. Wewe ndiye uliyempa hilo jina, kwa kuwa alizaliwa jioni, ukamwimbia. Tulipofika Migori kubadilisha gari, akaniuliza malaya ni nini.

Mirumbe

Rangwe,
30 Novemba 1997

Mpendwa binti yangu,

Natumaini barua hii itawakuta na afya. Hii ni ya nne. Labda zile hazikufika.

Nashon ameoa mke mwingine, wamehamia nyumba yenu. Hupita mlangoni kwangu bila kuingia.

Nikuambie jambo. Karatasi haikupotea. Niliitoa sandukuni mwenyewe Chrispine akiwa bado mochari, nikaichoma jikoni. Jina langu lilikuwa pale chini, nikaogopa kunyimwa komunyo. Kile cheti kingine sikujua kwamba nacho kimo mle sandukuni.

Nisamehe. Mlete Adhiambo Krismasi, hata kwa siku moja.

Mama yako,
Roseline

Ntimaru,
9 Desemba 1997

Mama,

Sisi wazima. Nilisoma barua yako, nikatoka nikalima mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Nenda kwa wakili, Homa Bay. Aandike hayo uliyoniandikia mimi, uape, utie sahihi. Huku shuleni wanataka jina la baba, na mwalimu anasema bila hilo atamwandika kwa jina la babangu. Nikipata hicho kiapo, nitamleta mwenyewe, tukae kwako mpaka shule zifunguliwe.

Mirumbe

Rangwe,
20 Desemba 1997

Nyar Kuria,

Hamjambo? Jana nilifika Homa Bay. Nilikaa kwenye benchi ya wakili tangu saa mbili asubuhi. Karani alipoita jina langu, akaingia mwalimu wa kwaya ya kanisa letu, amekuja kwa kesi ya shamba. Akanisalimu kwa heshima, akaniuliza, "Mama, nawe umefuata nini hapa?"

Nikamwambia nimekosea mlango. Nikarudi nyumbani.

Mlete tu mtoto. Nimemshonea gauni la kijani. Sijui amekuwa mrefu kiasi gani sasa, nimekisia.

Nyanya yake,
Roseline