Namba Nilizowanyima Wageni

Mjukuu wangu Paskali,

Huku Karatu hatujambo. Bibi yako anakusalimu, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Umeniuliza, sasa chuo chenu kimefunga skrini kubwa ya magoli, sisi enzi zetu tulikuwa na nini.

Shambani Oldeani tulikuwa na ubao wa chaki, na mvua ilikuwa ikifuta magoli. Nikapewa kazi ya kuuboresha. Nikakata madebe mabovu ya kuchumia kahawa, nikachora namba za kutundika kwenye misumari: zetu nyekundu, sifuri hadi tisa, za wageni nyeusi, sifuri hadi tatu. Niliona zinawatosha.

Siku ya kuuzindua, wageni wetu, vijana wa kijiji cha Buger, wakatufunga la nne. Mzee wao mmoja akaniita, "Fundi, goli letu liko wapi?"

"Linakuja, mzee."

Uwanja mzima ukacheka. Nikachukua nne yetu nyekundu, nikaitundika upande wao. Halafu tano. Halafu sita.

Upande wetu ilitumika namba moja tu, sifuri. Ninayo hadi leo. Bibi yako huitumia kufunikia sufuria ya maziwa. Kila nikiifunua, namimina kwanza kikombe cha mgeni.

Babu yako,
Fundi wa magoli