Ombi la Pili

Kisesa, Jumamosi

Na bado sijui kwa nini sikuishia kwenye ombi la kwanza.

Leo jumuiya yetu ilisali nyumbani kwa Mama Bhoke, mwenyekiti wetu. Zamu yangu ya kutoa ombi ilipofika, niliwaombea wanaoikosoa serikali, waseme bila kuogopa. "Ee Bwana, twakuomba utusikie!" Waliitikia kwa nguvu mpaka kuku wakatimka sebuleni.

Nikapata moyo. Nikawaombea na wanaopishana na Kanisa, nao wafuate dhamiri zao bila kutengwa.

Safari hii hata mke wangu aliinamia rozari yake.

"Mwalimu," akasema Mama Bhoke, "hilo la pili umelitoa wapi?"

Mimi, ninayefundisha uraia, ninayeueleza uhuru wa mawazo bila kufungua kitabu, nikajibu kwamba ulimi umeteleza. Wakacheka, tukaendelea na Baba Yetu.

Sasa naogopa. Padre akiambiwa je? Na wakianza kujiuliza nilikuwa namwombea nani? Tangu binti yangu Neema arudi kutoka chuoni Mwanza hajakanyaga kanisani. Kila Jumapili nawaambia watu ana malaria. Malaria gani hiyo isiyopona...

Niliporudi alinipokea Biblia mlangoni. "Shikamoo baba. Leo mmeomba nini?"

Mtoto huyu nilimfundisha mwenyewe kusema anachokiamini.

"Marahaba," nikamjibu. "Tumeomba mvua."